PEDI ZA RESI NA ABIRIA WA MOKOWE

Najua baadhi yenu mtacheka. Mwana wa Amu, mji wa vichochoro na punda, mji uliotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, ana lipi la kusema kuhusu breki? Ninalo, tena nimelinyamazia siku nyingi. Sisi tunaovuka kwenda Mokowe twashuka mashuani na kupanda bodaboda papo hapo. Kutoka pale hadi Hindi, Mpeketoni au Witu, roho zetu zimo katika vipande viwili vya pedi, kila kimoja kama kisanduku cha kiberiti.

Siku hizi madereva wetu vijana wamepatwa na homa ya mbio. Safari Rally iliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, homa hiyo ilizidi. Simlaumu mtu kwa kuipenda Safari. Ni historia yetu: Joginder Singh aliishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Nani asiyejivunia? Lakini kujivunia ni jambo moja, na kwenda dukani kununua pedi kwa sababu pakiti yake ina picha ya gari la mashindano ni jambo jingine kabisa. "Hizi ni za resi, bana, zashika kama simba!" Huo ndio ushahidi wote anaoutoa.

Hebu tuulize, pedi ya resi ni nini hasa? Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Mwendo ukizidi mara mbili, tuseme kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu inayotakiwa kumezwa na breki huzidi mara nne, si mara mbili. Gari la mashindano hukimbia, hukata kona na kupunguza mwendo tena na tena, basi diski zake hazipati nafasi ya kupoa. Pedi zake zimeundwa kushika zikiwa katika joto hilo. Zikiwa baridi, nyingi ya pedi za aina hiyo hushika kwa shida. Sasa niambieni, bodaboda wa Mokowe diski yake huwa na joto gani? Ametoka stejini amekaa nusu saa akingoja abiria. Breki yake ya kwanza ya maana ni pale mbuzi anaporuka barabarani. Ami yangu, ambaye ni fundi wa pikipiki na ambaye likizo humshikia spana, husema kwa Kiamu chake: "Pedi hiyo yataka moto kwanda, na mbuzi alo ndiani hangoji."

Kwa hivyo maoni yangu ni kwamba pedi bora kwetu ni ile iliyotajwa na mtengenezaji wa pikipiki, basi. Pedi nyingi zimeandikwa herufi mbili ubavuni au mgongoni. Ya kwanza yaonyesha ushikaji zikiwa na joto dogo, ya pili zikiwa na joto kali. E ni kiwango cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, na H imezidi hapo. Hata mtoto wa shule aweza kuzisoma! Pedi isiyo na maandishi yoyote ila rangi nyekundu, mimi singeifunga hata kwenye mkokoteni wa punda.

Kuna pedi za unga uliogandishwa kwa gundi, na kuna za unga wa madini uliochomwa ukashikana. Hizi za madini hustahimili maji na mchanga, navyo si vigeni kwetu, ila hula diski isiyoundwa kwa ajili yake na hupiga kelele. Na chumvi yetu hii ya bahari! Pikipiki ikilala karibu na maji, asubuhi diski ina kutu. Pini za kalipa nazo hukwama kwa chumvi, pedi moja ikalika na mwenzake akabaki mzima. Mtu huyo hata akifunga pedi za Ulaya, kama pini hazikusafishwa na kutiwa grisi yake, amepoteza pesa bure.

Lakini jambo linaloniudhi zaidi si ununuzi. Ni dereva anayefungiwa pedi mpya saa nne na saa nne na dakika tano amekwisha pakia abiria, tena wawili, ilhali sheria ni mmoja. Pikipiki ya kazi ina uzito wa kilo 120 hivi. Yeye na abiria wake wawili wameshauzidi uzito huo. Na pedi ni mpya, yaani bado hazijajua kazi.

Ami huiita kazi ya kuzoesha pedi "fungate". Pedi mpya ni bapa, diski ya zamani ina mifereji, kwa hivyo mwanzoni hugusana mahali pachache tu. Isitoshe, gundi iliyomo ndani ya pedi ikipata joto kali kwa mara ya kwanza hutoa gesi, na gesi hiyo huzuia pedi kushika. Kisha yahitajika utando mwembamba wa pedi upakae juu ya diski kote, sawasawa. Hayo hayafanyiki kwa kuomba dua.

Kwanza, kabla ya kuondoka, dereva akamue mkono wa breki mara kadhaa mpaka uwe mgumu, maana fundi amezirudisha pistoni nyuma na mkamuo wa kwanza huenda bure. Wako waliogundua jambo hili wakiwa tayari barabarani. Halafu atafute barabara tupu, peke yake, afike kilomita 50 kwa saa, ashike breki kwa wastani mpaka 10 hivi, asisimame, aachie, aende kidogo ipoe, arudie mara nane au kumi. Akisimama akiwa ameikamua breki yenye moto, pedi huacha alama mahali pamoja na breki huanza kutetemeka. Baada ya hapo aende mwendo wa polepole dakika chache bila kushika breki. Kilomita 100 au 200 za mwanzo asifunge breki kwa nguvu ila kwa dharura. Wenye dramu wasijione wamesamehewa; viatu vyake huchukua muda mrefu zaidi kukaa.

Nshamweleza haya dereva mmoja akanijibu, "Mdogo wangu, dakika 20 ni nauli mbili." Nilimwelewa. Ana mkopo wa pikipiki, ana watoto, na akitoka stejini zamu yake yachukuliwa na mwingine. Hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe, wala si ujinga kama wengine wanavyodhani. Ndiyo maana naona viongozi wa kila steji waandike kanuni moja: mwenye pedi mpya aende fungate yake, na akirudi akute zamu yake ipo palepale.

Nasi tunaofunga shule siku moja na kuzigombea pikipiki kama njiwa kwenye mtama, dereva akituambia, "Nimefunga pedi sasa hivi," tusimjibu, "Twende tu, kaka." Tumwambie azizungushe kwanza. Tukae chini ya mwarobaini na masanduku yetu, tumngoje.