Kambi za Likizo Zisiachwe Zife

Makisio ya fedha ya halmashauri yanapobanwa, kitu cha kwanza kukatwa aghalabu ni kile kisicho na fungu lake kitabuni wala msemaji barazani. Katika elimu, kitu hicho ni kambi za masomo za likizo, ambamo vijana wanaoukabili mtihani wa Kidato cha Nne hukaa pamoja shuleni, wakapata uji, taa na mwalimu wa kuwarudisha katika yale yaliyowapita. Hupunguzwa siku, kisha hupunguzwa watoto, na mwishowe kambi haipo.

Twawaomba wasomaji waitazame hesabu yenyewe. Tangu Januari 2016 Serikali ilifuta ada mpaka Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikaufikisha msamaha huo Kidato cha Sita. Ni jambo kubwa, wala hatutamwunga mkono yeyote atakaye ada zirudi kwa jina la mchango. Lakini ruzuku iliyowekwa kwa mwanafunzi wa sekondari ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwaka. Igawanye kwa siku 194 za masomo: haifiki shilingi 130 kwa siku. Itatoka wapi humo sufuria ya uji wakati shule imefungwa? Tena likizo ya Juni huangukia mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha, sanduku likiwa limekwisha kukwanguliwa.

Ndiyo maana huko Kisarawe, mwaka 2019, Mkuu wa Wilaya wa wakati ule, Ndugu Jokate Mwegelo, aliwaendea wafadhili na wananchi kwa kampeni ya Tokomeza Ziro. Twaisifu kazi ile. Lakini viongozi huhamishwa, naye alihamishiwa Temeke mwaka 2021; haifai masomo ya mtoto yategemee ari ya mtu mmoja.

Jirani zao wa Kibaha wanao mfano mwingine. Mwaka 1963 nchi za Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha pale kituo cha kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Ulikuwa msaada wa wageni. Januari 1970 Serikali yetu ilikipokea kituo kizima, ikakibeba yenyewe, na hadi leo Shirika la Elimu Kibaha lipo.

Wapo wasemao kwamba likizo ni ya kupumzika. Ni kweli, na kambi ya kukaririsha majibu usiku kucha hatuitaki hata sisi. Lakini mtoto wa Maneromango au Mzenga anapumzikia wapi? Huenda shambani na kisimani, na daftari halifunguliwi mpaka Julai. Ilhali mwenzake wa mjini, ambaye baba yake anazo fedha, hulipiwa mwalimu nyumbani. Kuifuta kambi si kuwapumzisha wote. Ni kumwachia masomo mwenye nacho.

Madiwani wa Kibaha na wa Kisarawe huyapitisha makisio miezi kadhaa kabla ya Julai. Twataka kambi ziandikiwe fungu katika mapato ya ndani, hata likiwa la wiki mbili na la vidato vya mtihani tu, na fedha ziwe zimefika shuleni kabla ya Mei kwisha. Ikiwa hapana budi kupunguza, zianze posho za vikao na safari. Na wazazi waelezwe mkutanoni, kijijini kwao, kilichokatwa na sababu yake, kabla mtoto hajafunga godoro lake na kulikuta lango limefungwa.