Honi siyo ruhusa ya kumtupa mtu mtaroni

Jamani, leo nina hasira, mnivumilie.

Nilikuwa kwenye basi kutoka Kasulu kwenda Kibondo, siti ya mbele. Mbele yetu mzee mmoja na baiskeli yake, kafunga mikungu ya ndizi nyuma, imetokeza kulia na kushoto. Dereva akapiga honi, mwendo uleule. Mzee akaingia mtaroni na ndizi zake. Abiria wakacheka! Niligeuka nikamwona anainuka. Nakiri, sikumwambia dereva asimame. Ndiyo maana naandika.

Hivi nani aliwaambia madereva kwamba honi maana yake ni "toka barabarani"? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaadhibu uendeshaji wa hatari na wa uzembe. Safi. Lakini huo uzembe trafiki anaupimaje? Mwendo una namba: kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki ana tochi. Ndiyo maana madereva wanawashiana taa kuonyana. Wanaogopa kinachopimika.

Ufaransa, dereva anayeipita baiskeli lazima aache mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji. Ujerumani, tangu 2020, ni mita 1.5 mjini na 2 nje. Mtasema huko ni Ulaya. Sawa, lakini mita ni ileile na mbavu za binadamu ni zilezile. Tena huku tunaihitaji zaidi, maana baiskeli siyo mazoezi ya asubuhi. Ndiyo pikapu ya mkulima: inabeba ndizi, maharage, mkaa, hata mgonjwa.

Najua mtakachosema: waendesha baiskeli hawana taa, wanayumba, wanakatiza ovyo. Kweli, nao wafundishwe. Ila akikosea mwenye baiskeli, anaumia yeye. Akikosea mwenye basi, anaumia mwenzake.

Kigoma tuliililia lami miaka na miaka. Lami inaleta mwendo, na mwendo bila nafasi ni msiba. Basi sheria iseme wazi: mita moja na nusu, na kama nafasi haipo, dereva asubiri nyuma. Ni sekunde chache tu, ndugu zangu.

Na sisi abiria tuache kucheka. Siku ile tulipaswa kupiga kelele basi zima, mimi nikiwa wa kwanza.