Hesabuni watu kabla ya kuhesabu ghorofa

Nyumba aliyotuachia marehemu bibi hapa Magomeni ina vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi. Uani kuna jiko, bafu na choo kimoja. Kwenye mchoro wa mipango miji inasomeka nyumba moja ya kawaida, ya chini. Majuzi nilishika daftari nikapita chumba kwa chumba kuhesabu wanaolala humo. Wako 21.

Mimi ni fundi bomba, kazi niliyoifanya miaka 31, na hesabu hiyo naiona pia kwa chini. Karo letu lilichimbwa bibi akiwa na wanawe na wapangaji wawili. Siku hizi masika yakikolea, maji ya ardhini yanapanda, karo linafurika, na inabidi tuite gari la majitaka. Uani hakuna njia ya gari, kwa hiyo mpira wa kunyonyea unaingia mlango wa mbele na kupita ukumbini. Akina mama wanaondoa majiko na ndoo, watoto wanaambiwa wakae nje, na nusu saa nzima hakuna anayethubutu kula.

Naeleza haya kwa sababu mtaani kwetu tunabishana kama kwenye viwanja vyetu iruhusiwe ghorofa mbili tatu. Kwenye mkutano wenye nyumba walisimama mmoja baada ya mwingine wakisema ghorofa zitaleta msongamano. Mzee mmoja akasema wa juu watachungulia uani kwake. Hoja ya huyu mzee naiheshimu, kwa maana uani ndiko wake na mabinti zetu wanakofua na kujistiri. Lakini hilo lina dawa: dirisha linalotazama kwa jirani linyanyuliwe juu ya kimo cha mtu, na iandikwe hivyo kwenye kibali cha ujenzi. Ama msongamano, ndugu zangu, huo tunao tayari. Tumeulaza chini, watu watatu wanne chumba kimoja.

Wala haukuja wenyewe. Mpango wa jiji wa 1949 uliyagawa makazi kwa ujazo: mdogo, wa kati na mkubwa. Ukitembea Dar es Salaam ya wakati ule ungeona maana yake. Oysterbay palikuwa pa Wazungu, Upanga pa Wahindi, na sisi Waafrika Kariakoo, Ilala na Magomeni. Wazungu wa wakati ule wameondoka, mipaka ya viwanja imebaki.

Na watu wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilikuta mkoa huu una watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja na ushee, wengi wao wamekwenda pembezoni, Chamazi, Chanika, Kivule, wakanunua vipande vya shamba na kujenga kabla barabara wala bomba havijafika. Kijana ninayemfundisha kazi anatoka Chamazi saa kumi na nusu alfajiri ili saa moja awe hapa. Kodi ya chumba Magomeni haimudu, na hatapata chumba cha bei nafuu kama vyumba haviongezeki.

Tuna mfano jirani. Magomeni Kota palikuwa na kaya 644 kwenye nyumba za chini. Mwaka 2022 zilikabidhiwa majengo matano ya ghorofa, na sehemu kubwa ya ardhi ikabaki wazi. Nikipita pale naangalia kwanza chemba, ndivyo nilivyo. Ile ardhi ni ya serikali, kwa hiyo jengo na mabomba vilipangwa pamoja. Kwetu kila mtu atajenga kwa mfuko wake, huyu leo, yule baada ya miaka mitano, kila mmoja na karo lake. Hapo ndipo ninapoogopa. Ninaogopa pia ujenzi wa kulipua: jengo lililoporomoka katikati ya jiji Machi 2013 liliua watu 36, na Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo. Ghorofa bila mkaguzi anayekuja kuzipima nguzo mimi siiungi mkono.

Kwa hiyo rai yangu kwa madiwani ni hii. Ruhusuni ghorofa tatu, mtaa kwa mtaa, lakini bomba la majitaka litangulie, na gharama zake wenye nyumba tuchangie. Mimi niko tayari, na wadogo zangu nimeshazungumza nao. Na kibali kipimwe kwa idadi ya watakaolala ndani na vyoo watakavyotumia.

Jambo la mwisho linaniuma zaidi. Kwenye mkutano ule walioitwa ni wenye nyumba. Mama wa chumba cha nne kwetu anauza vitumbua, ana watoto watatu, amekaa Magomeni miaka 14 na anapiga kura hapahapa. Ghorofa ikijengwa yeye ndiye wa kwanza kutoka, na hakuna aliyemwambia atakwenda wapi wala kama atarudi. Jioni ile niliporudi alikuwa anaosha vyungu uani, akaniuliza, "Baba, wamesemaje?" Mkutano ujao nitakwenda naye, na nitaomba apewe nafasi ya kusema kabla yangu.