MUUZAJI, ULIZA KWANZA MTU ANAISHI WAPI

Katika mjadala wa chama chetu wenzangu wengi walishikilia kwamba kosa ni la mtandao. Nami nasema la, kosa huanzia dukani.

Mjomba aliuza mbuzi watatu akaenda Lodwar kununua simu janja. Muuzaji alimwonyesha video, mtandao umejaa pale mjini, akamwambia, "Mzee, hii inashika kila mahali." Hakumwuliza anaishi wapi. Huku Lokiriama simu ile ikawa tochi! Akitaka kupiga ni lazima apande kilimani, na jioni betri imeisha, aanze kutafuta mwenye sola. (Ni kweli, hata ile yake ndogo ya vibonye ilihitaji kilima, lakini haikumla mbuzi watatu, na chaji ilikaa siku nne.)

Kosa hili si geni. Mwaka 2011 Huawei Ideos iliuzwa nchini kwa takriban shilingi 8,000. Bei watu waliisifu. Habari ya betri waliijua wakishafika nyumbani. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zikazimwa kwa amri, karibu milioni 1.9. Nani alipata hasara? Mnunuzi! Mwenye duka alikwisha kula zake.

Mtanipinga kwamba mnara utajengwa. Haya, ujengwe. Lakini mwezi jana mtoto wa mjomba aliugua usiku, na simu janja ilikuwa imezima. Tulipanda kilima gizani na ile ndogo ya vibonye, tukampigia mwenye pikipiki.