Gemu isiyo na mlango ni chupa!

  

Leo nawaruhusu mnicheke kidogo, halafu mjifunze. Mimi mtoto wa Maganzo, niliyekulia kijiweni kwa madalali wa almasi, pua na mdomo na mgodi wa Mwadui, nimeuziwa chupa! Siyo jiwe, jamani. Nimeuziwa gemu ya mkononi.

Aibu yake mtaielewa mkijua kwetu. Tangu Mzee Williamson agundue almasi pale Mwadui mwaka 1940, huku mtoto anajifunza kukagua jiwe kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Unalipulizia pumzi. Ukungu ukikaa, hiyo chupa, achana nayo. Ukitoweka mara moja, kaa chini muongee bei. Sasa mtu aliyefundwa hivyo anaingia dukani Mwanza, anaona boksi linang'aa, anatoa hela bila hata kupuliza. Ubwege gani huo?

Basi sikilizeni mkasa wenyewe.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada. Tunaitana "mjomba" kwa "mjomba". Kamaliza kidato cha nne, matokeo yakaja siyo, yuko nyumbani. Na Maganzo kijana akikaa nyumbani bila shughuli, mama yake halali. Wenzake wawili tayari wameingia kwenye ubeshi, ile kazi ya kuruka uzio wa mgodi usiku kusaka mchanga wa almasi. Huko kuna mbwa, kuna walinzi, kuna kesi. Wengine hurudi wanachechemea.

Huyu wangu yeye alijifungia na laptop yangu chakavu. Nikadhani anaangalia muvi. Kumbe bwana anatengeneza gemu! Kapata programu ya bure inayoitwa GB Studio, iliyotoka mwaka 2019, inayokuwezesha kutengeneza gemu ya Game Boy, kile kimashine cha Nintendo cha mwaka 1989. Gemu yake kaiita "Chekecha". Unashika chekeche, kokoto zinamwagika, unadaka zinazong'aa na kukwepa vipande vya chupa. Ukimaliza raundi anatokea dalali mwenye miwani anakupunja bei. Nilicheka mpaka machozi.

Akaniambia, "Mjomba, nataka kimashine cha mkononi. Nicheze za watu, na hii yangu nayo icheze humo humo, niwaonyeshe watu."

Alikuwa na elfu tisini, za kubeba maji kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Dada akauza mbuzi, akaongeza elfu sitini. Akanikabidhi huku ananikazia macho: "Kaka, hii ni mbuzi yangu. Isije ikawa ya kuchezea."

Mwanza nikaenda. Duka silitaji jina. Muuzaji kanionyesha kitu cha elfu hamsini na tano, boksi limeandikwa gemu 500. Mia tano! Nikaona nimewaokolea familia mshiko, nikajipongeza na chipsi kuku.

Kurudi nyumbani, kijana kakipokea kwa mikono miwili, kasema asante. Hakusema zaidi. Usiku akanifuata uani.

"Mjomba, hiki hakina mlango."

"Mlango gani tena?"

Akafungua nyuma. Ndani betri ile ile ya BL-5C ya simu zetu za Nokia, basi. Hakuna pa kuchomeka memori kadi. Gemu zote zimechomelewa kwenye chipu kiwandani, za enzi za Nintendo ya 1983, na nyingi zinajirudia kwa majina tofauti. Huwezi kuongeza hata moja. "Chekecha" ingebaki kwenye laptop milele.

Sisi tuliokua miaka ya tisini tulipaswa kushtuka. Mnakumbuka ile Brick Game ya matofali, boksi limeandikwa 9999 in 1? Ukiwasha, ni matofali yale yale, yameongezwa kasi tu. Namba ya kwenye boksi haijawahi kusema kweli.

Nikarudi dukani. Jibu: mali ikishauzwa hairudishwi. Sikuwa na la kumwambia dada. Hiyo elfu hamsini na tano nikaibeba mwenyewe, na safari ya pili nikaenda na kijana. Ndani ya basi akanipa somo, nami nawapa ninyi bure.

Kwanza, usiulize ina gemu ngapi. Uliza, je, naweza kuweka ya kwangu? Hapo mashine zinagawanyika. Nintendo Switch, iliyotoka 2017, ni kali kwa gemu za kununua, lakini mwenye kampuni hataki uweke programu yako, na ukilazimisha wanaweza kuifungia mashine isiingie kwenye mtandao wao. Steam Deck ya mwaka 2022 iko wazi kabisa, inatumia Linux, inacheza za kununua na za kutengeneza mwenyewe. Ila ilianzia dola 399 ilipotoka, hapo bado hujasafirisha. Hiyo ni ng'ombe, siyo mbuzi.

Pili, jihadhari na mtumba wenye jina. PSP, iliyotoka Japani mwishoni mwa 2004, ni tamu, na wajanja wanaendesha programu zao humo tangu 2005. Lakini Sony waliacha kuiuza mwaka 2014, kwa hiyo betri nyingi zimezeeka na nyingine zimevimba. Tena inataka kadi za Sony zenyewe, au kiunganishi. Nintendo 3DS nayo nzuri, ila duka lake la mtandaoni lilifunga mauzo Machi 2023. Ukitaka gemu halali yake, utafute kaseti za mkononi mwa watu.

Tatu, kuna hizi ndogo za Kichina zinazotumia Linux, kama R36S na RG35XX ya Anbernic. Kioo cha inchi tatu na nusu, mfumo na gemu zinakaa kwenye memori kadi, unatoa unaweka. Mlango upo. Kwa mfuko wa kwetu, hapo ndipo penyewe. Tatizo? R36S ina feki zake! Sura ile ile, vitufe vile vile, ndani kitu kingine, na programu za bure walizotengeneza wajuzi hazikubali.

"Sasa tutaijuaje?" nikauliza.

Akatoa mfukoni memori kadi. Kaiandaa nyumbani kwa bando langu, mfumo wa bure umo, na "Chekecha" imo.

Dukani, duka jingine, akaomba zitolewe R36S tatu. Akaweka kadi kwenye ya kwanza, akawasha. Kioo cheusi. Ya pili, kioo cheusi. Muuzaji akaanza kununa, eti dogo unaniharibia mali. Ya tatu ikawaka, na yule dalali mwenye miwani akatokea pale kwenye kioo! Nikakumbuka marehemu baba akipuliza jiwe. Mtoto kapuliza, ukungu umetoweka. Tukaongea bei, tukamalizana kwa laki moja na kumi.

Nne, na hapa washikaji mtanisamehe. Mashine hizi huuzwa na kadi iliyojaa maelfu ya gemu za watu, na waliozitengeneza hawakupata hata senti. Nilimwambia dogo si neno, kila mtu anafanya hivyo. Akanijibu, "Mjomba, na 'Chekecha' wakiiweka humo?" Nikanyamaza. Mtu aliyelala macho akichora kokoto moja moja anaijua bei ya kazi.

Njia halali ipo. Kuna Stardew Valley, gemu ya kilimo aliyoitengeneza Eric Barone peke yake, ikatoka 2016. Unainunua kwa ajili ya kompyuta, halafu mafaili yake unayahamishia kwenye kimashine kupitia PortMaster, mradi wa bure wa watu wanaojitolea. Tunajichanga kuinunua. Na ile kadi ya dukani msiiamini hata kwa kuhifadhi vitu vyenu, nyingi ni za hali ya chini na hufa ghafla. Nunueni yenu.

Dada bado anauliza kigemu kitamlisha nini mwanaye. Sikumdanganya. Nilimsimulia habari za Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akapata dola 300 za laptop, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Akatengeneza gemu ya amani iitwayo Salaam, na mwaka 2018 akapewa heshima kwenye tuzo za gemu kule Marekani. Dada akasikiliza, akauliza, "Na mama yake aliuza nini?" Nikamwambia alikuwa akishona nguo. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Siwezi kusema huyu wetu atafika huko. Ninachojua ni kwamba usiku yuko ndani, taa inawaka, na mbwa wa mgodini hawamjui kwa sura.

Jumamosi alikipeleka kijiweni. Madalali wazima wakapanga foleni! Mzee mmoja, bingwa wa kupunja watu tangu enzi za Mwalimu, akacheza, akajaza chekeche, akafika kwa dalali mwenye miwani. Akapunjwa. Akacheza tena, akapunjwa tena. Akakitupa mezani: "Huyu ni mwizi! Jiwe kama lile unanipa bei hii?"

Kijiwe kizima kilianguka kwa kicheko. Dogo akamtazama kwa adabu zote. "Samahani babu, nimemwiga mtu."

Haya, tukutane wiki ijayo. Na ukienda dukani, nenda na kadi yako mfukoni!