Sitaandika maabara ya kubofya

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo nimerudi na donge limenikaba.

Juzi rafiki yangu anayeuzia shule programu alinipigia simu. "Buda, niandikie maabara ya Kemia ya kwenye tableti. Mwanafunzi abofye chupa, abofye bika, rangi ibadilike, kwisha. Hakuna asidi, hakuna glasi kuvunjika, hakuna mzazi kulalamika."

Pesa ilikuwa nzuri. Nikakataa. Kwa nini? Twende shule kwanza.

Kidato cha pili, somo la sodiamu. Mwalimu aliitoa kwenye chupa ya mafuta ya taa, akaikata kwa kisu kama sabuni, akadondosha kipande kidogo kama punje ya mchele kwenye beseni la maji. Kikayeyuka kikawa kitufe kinachong'aa, kikakimbia huku na huku juu ya maji kikitoa sauti ya kukaanga, kikaisha. Mwalimu akageukia ubao.

Mwenzetu mmoja (simtaji, leo ni mhasibu anayeheshimika) akaongeza kipande kikubwa kama kidole gumba. Puu! Maji mpaka darini, beseni likapasuka, sisi chini ya meza. Chembe moja iliniangukia kwenye kifundo cha mkono. Kabla ya kuwasha, ngozi iliteleza kama nimepaka sabuni. Baadaye ndipo nilipoelewa: sodiamu na maji hutoa haidrojeni na sodiamu haidroksaidi, na hiyo ya pili huyageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni kweli kweli. Mlingano huo sijausahau mpaka leo. Kovu ninalo.

Kidato cha tatu tukaanza kupima asidi na besi. Kila mara ulihitaji sentimita 25 za ujazo kwenye pipeti, na tulizivuta kwa mdomo. Ile mipira ya kufyonzea ilikuwa miwili kwa darasa zima, tena imefungiwa kabatini isipotee. Siku moja ncha ya pipeti ilitoka kwenye kimiminiko, nikavuta hewa, na kinywa kikajaa sodiamu haidroksaidi. Bahati yangu ilikuwa imezimuliwa sana. Nilisukutua kwa maji mengi, kisha nikakemewa kwa kuharibu kemikali za shule!

Hapa rafiki yangu atasema, "Si unaona? Hatari tupu. Weka kwenye skrini." Hapana. Kuvuta kemikali kwa mdomo kulikuwa upuuzi, wala siutamani urudi. Lakini dawa yake ni mpira wa kufyonzea, na bei yake haikaribii bei ya tableti hata moja. Dawa ya sodiamu ni mwalimu asiyeiacha chupa wazi. Miwani, glavu, maji ya bomba. Mambo ya kawaida kabisa.

Mimi huandika programu kwa riziki, kwa hivyo nisikilizeni kwa hili: programu hujua tu yale aliyoyajua mwandishi wake. Siku ile bureti yangu ilikuwa na kiputo cha hewa kwenye ncha. Kilipotoka, kipimo changu cha kwanza kikazidi vingine, nami nikahangaika nusu saa kutafuta sababu. Kwenye maabara ya kubofya, kiputo hakipo mpaka mimi nikiandike. Na nikikiandika, nimeshakupa jibu.

Mnamo Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Chuo cha Dartmouth huko Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethylmercury juu ya glavu. Alikuwa amevaa glavu za mpira kama ilivyoshauriwa wakati huo. Alifariki Juni 1997. Vipimo vilivyofanywa baada ya ajali vilionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya glavu za aina hiyo kwa sekunde zisizozidi 15. Sasa fikiria programu ya mafunzo iliyoandikwa mwaka 1995. Ingemwambia nini? "Umevaa glavu. Uko salama. Endelea."

Tena kwenye skrini, ukimimina maji ndani ya asidi kali ya salfa, kinatokea kidirisha chekundu: "Kosa! Jaribu tena." Katika bika halisi, joto huyachemsha maji papo hapo na asidi hukurukia usoni. Ni heri mkono uzoee kumimina asidi ndani ya maji, polepole, kuliko kidole kizoee "jaribu tena".

Sikatai kila kitu. Kuonyesha atomu, mionzi, au kufanya mazoezi usiku kabla ya kuingia maabara, hayo niite hata kesho. Lakini nijuavyo mimi biashara hii, kitu kinachouzwa kama nyongeza hugeuka badala mara tu mhasibu wa shule anapoona bei ya kemikali.

Na badala hiyo itapelekwa kwa nani? Mnamo Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na masomo ya sayansi ni mojawapo ya njia wanazochagua. Shule za wenye nazo zitabaki na bureti za glasi. Watoto wa akina sisi watapewa skrini, waambiwe hiyo ndiyo teknolojia. Halafu wakutane chuo kikuu na mwenzao ambaye mkono wake hautetemeki.

Nilimwambia rafiki yangu haya yote. Akacheka, akasema nitakufa maskini. Labda. Nikamwambia akipata shule inayotaka programu ya kuhesabu chupa za kemikali na kukumbusha ni lini mipira ya kufyonzea itaisha, hiyo nitaiandika bure.

Bado nangoja anipigie.