Kamera haioni uchungu

Wanaoandika senario kuhusu vijiji vya Masisi na Walikale wana madai wanayoyarudia kama amri. Nayachukua manne, mawazo yangu yakiwa Kibua, kwenye njia itokayo Masisi kwenda Walikale.

La kwanza: filamu ni mazungumzo, maelezo ni pambo tu. Anayesema hivyo amewasahau wasimulizi wa huku kwetu. Mwaka 1956 Candi Rureke, Mnyanga, alisimulia utendi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Rureke aliimba, akacheza, akaigiza kwa mwili. Na kisa chenyewe kinaonekana: mtoto anazaliwa na usinga mkononi, baba anaamuru atiwe ndani ya ngoma, ngoma inatupwa majini. Nyamazisha wahusika wote, bado utajua baba hamtaki mtoto.

La pili ndilo linaloharibu zaidi: eti mwandishi hodari hueleza hisia kwa kina. Ndipo tunasoma, “Mama amebeba uchungu wa miaka ya vita.” Mpiga kamera aulenge wapi uchungu huo? Mwigizaji afanye nini na mikono yake? Afadhali hivi:

NJE. BARIERE – ASUBUHI
Mama anashusha kitunga cha mihogo. Anageuza mgongo, anakunja noti moja, anaificha ndani ya kikwembe. Nyingine anabaki nayo mkononi. Kijana mwenye bunduki hautazami mkono. Anatazama kikwembe.

Hofu imo, umaskini umo, na mazoea ya kulipa yamo. Zaidi ya hayo, hali imegeuka: mama alidhani ameficha, kumbe ameonekana. Pasipo mgeuko huo, kitunga na noti ni orodha ya vifaa tu. Milima na ukungu sikuvitaja kwa sababu hapo havina kazi. Matope yangeweza kuipata: lori likikwama, mama atalala karibu na bariere hiyohiyo, na kijana yuleyule.

La tatu: Kibua bila risasi haiuziki. Mbona filamu ya Makala ya Emmanuel Gras, inayomfuata mwanaume anayesukuma baiskeli ya makaa hadi Kolwezi, ilipata Tuzo Kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017? Dieudo Hamadi wa Kisangani naye, katika En route pour le milliard, aliwafuata majeruhi wa vita vya siku sita vya mwaka 2000 mjini humo wakishuka mto kwenda Kinshasa kudai fidia. Cannes iliiteua mwaka 2020. Vita hivyo vilikwisha zamani. Tunachotazama ni miguu ya bandia na mvua inayowanyeshea ndani ya boti. Najua, hizo ni filamu za hali halisi, hazikubuniwa mezani. Lakini anayebuni mezani anaandikia jicho lilelile.

La nne, kwamba senario isipojaa Kifaransa kizito wafadhili hawataiheshimu, halihitaji maneno mengi. Kwa kawaida ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Nusu ukurasa wa Kifaransa kizito cha kuusifia msitu ambao utaonekana kwa sekunde tatu unavuruga hesabu, na anayepanga safari ya kwenda Kibua atakodi lori kwa siku ambayo haina cha kupigwa picha.